Kwetu Valvu Hufungwa Kushoto

Walipoamua kuunganisha halmashauri ya jiji letu na ile ya jiji la ng'ambo ya reli, kitu cha kwanza walichokaa kukijadili kilikuwa nembo. Wiki saba. Watu wazima wenye wajukuu wanabishana kama mnara wetu ukae juu ya daraja lao au daraja lao likae juu ya mnara wetu. Wakahamia kwenye jina, la nani litangulie. Wakahamia kwenye rangi ya ovaroli. Nilikuwa nahudhuria vikao hivyo kwa sababu nilikuwa mkuu wa karakana ya maji. Nakaa kiti cha nyuma, nauma meno, nasubiri mtu aulize habari ya maji. Hakuuliza mtu.

Mimi ni fundi wa mabomba, mwaka wa ishirini na saba huu. Siasa siijui na sitaki kuijua. Ninachojua ni kwamba chini ya jiji letu kuna valvu mia sita na ushee, na zote hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Ng'ambo ya reli za kwao hufungwa kulia, kama kifuniko cha chupa, kama koki ya jikoni kwako. Usiniulize kwa nini za kwetu ni hivyo, mimi nilizikuta. Aliyezinunua alishazikwa kabla sijazaliwa. Kila fundi wa kwetu hufundishwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla hata hajapewa buti, na akishafundishwa mkono wake haukosei tena. Fundi wa ng'ambo atalijuaje? Juu ya valvu hakuna mshale wala maandishi. Ni kichwa cha chuma cha mraba ndani ya shimo, unashusha ufunguo wako mrefu, unazungusha, basi.

Nikaandika barua. Ukurasa mmoja, kwa mkono wangu, nikachora na mishale ili hata asiyejua kusoma aelewe. Nikampelekea mratibu wa mpito, bwana mmoja nadhifu ambaye karakana nzima tulimwita Bwana Awamu, kwa sababu chochote ulichomwambia alikujibu kwa awamu. Alinieleza kwa upole kwamba awamu ya kwanza ni utambulisho, yaani nembo, sare na magari. Awamu ya pili ni watumishi. Mambo ya kiufundi yangeoanishwa awamu ya tatu. Nikamwambia kwamba awamu ya pili mnachanganya watu, kwa hiyo mtu wa kwao atashika valvu ya kwetu kabla hujafika hiyo ya tatu yako. Akatabasamu, akasema tusiingilie mchakato. Barua akaigonga muhuri pamoja na nakala yangu, akaitia kwenye trei. Nilitoka pale damu imenipanda mpaka masikio yanavuma.

Awamu ya pili ikaja na kunikuta mimi mwenyewe. Kwa kuwa mkurugenzi mpya alitoka kwetu, ilibidi mkuu wa karakana atoke kwao, wagawane, kila mtu aridhike. Nikashushwa kuwa foromani wa kikundi cha tatu. Ofisi yangu ikapewa mtu ambaye siku ya kwanza aliniuliza choo kiko wapi. Na ikatoka amri kwamba kila kikundi kiwe nusu kwa nusu, wa kwetu wawili, wa kwao wawili, ili tujenge umoja. Mafundi ishirini wakavushwa reli, wa kwao kuja kwetu, wa kwetu kwenda kwao. Nilimwambia mdogo wangu siku ile kwamba simfundishi mtu wa ng'ambo hata jinsi ya kufunga kamba ya buti. Ofisi imesema itawafundisha awamu ya tatu, basi iwafundishe. Nilisema hivyo kwa kinywa changu na nilikuwa namaanisha.

Huyo mdogo wangu alikuwa kikundini mwangu. Tulimwita Redio, kwa sababu hazimiki. Anaongea akila, anaongea akiwa ndani ya shimo, ukimwambia nyamaza anakueleza kwa kirefu kwa nini hawezi. Wazazi walituacha mapema, mimi ndiye niliyemlea, mimi ndiye niliyempeleka karakana akiwa hana hili wala lile, nikamwekea spana mkononi. Alicheka tu niliposema yale maneno. Akasema, dada, hasira zako zitakuja kukupa kidonda cha tumbo.

Kutoka ng'ambo tuliletewa wawili. Mmoja alikuwa dereva. Wa pili alikuwa fundi wa makamo, mtaratibu, anasalimia kila mtu asubuhi mmoja mmoja, anakunja sweta lake vizuri na kuliweka juu ya boksi la vifaa. Wenzangu walimwita Mgeni. Hakuwa na kosa lolote, na hilo lilizidi kunichefua. Ningemchukia vizuri zaidi kama angekuwa mvivu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, bomba kubwa la inchi kumi na mbili. Kiungo kilikuwa kinavuja ndani ya chemba yenye kina cha mtu mmoja na nusu. Nilitangulia na Redio kwa miguu kutoka kituo cha pampu, nikafunga valvu mwenyewe, ile iliyo kona ya juu, kama hatua mia moja kutoka kwenye chemba. Niliifunga kushoto mpaka ikagoma. Gari lilipofika na Mgeni, nikamwambia akae pale konani, aushike ufunguo, asiruhusu mtu auguse. Ni kazi ya kukaa tu. Nilimpa makusudi ili asinizonge.

Akauliza. Hili nalisema waziwazi kwa sababu ndilo lenyewe. Aliushika ufunguo, akatazama chini ya shimo, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, kuna la kujua kuhusu valvu zenu hizi?"

Nikamjibu, "Wewe si fundi? Shika ufunguo." Nikageuka nikaenda zangu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia na nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza kwa sababu siku ile asubuhi nilikuwa nimepita mlango wa ofisi yangu ya zamani nikaona wamebandika nembo mpya.

Redio akashuka chembani. Akafungua bolti zote, akatenganisha flenji zilizounganisha bomba, akatoa mpira wa gasketi uliokwisha kazi. Maji yalikuwa yanadondoka kidogo kutoka bomba la juu, uzi mwembamba, maana valvu zetu ni kuukuu na hazishiki vizuri. Akawa amekaa katikati ya vipande viwili vya bomba, mguu huku mguu huku, anasugua kutu na kulalamika kwamba maji yanamwingia ndani ya buti. Nikampigia Mgeni simu, nikamwambia bado inavuja, kaza.

Akakaza. Uzi ukawa unene wa kidole. Redio akasema dada, yanaongezeka. Nikarudi kwenye simu nikamwambia kaza zaidi, kaza kwa nguvu zako zote. Na yule bwana, mtiifu kama alivyo, akakaza. Nikamsikia anahema. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kuona kazi inakwenda, "Ilikuwa haijafungwa vizuri, mama. Inazunguka vizuri sasa."

Nilielewa palepale. Nilipiga kelele kushoto, kushoto, lakini maji yalishafika. Yalikuja yote kwa mkupuo, yakalisukuma lile bomba la chini lililokuwa limeachwa bila bolti, likamkandamiza mdogo wangu kwenye ukuta wa chemba. Tulimtoa kwa kamba, maji yakiwa shingoni mwake. Nyonga ilivunjika na paja la kushoto lilivunjika mahali pawili. Mgeni alikuja mbio kutoka kona, akaruka ndani na nguo zake, akamshika kichwa kisizame mpaka tulipompandisha. Nami wakati huohuo namtukana. Nilimwita muuaji mbele ya mtaa mzima.

Daktari alisema Redio atatembea kwa magongo, labda baadaye kwa fimbo. Shimoni hatarudi.

Ofisi ilizinduka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Siku ya pili tu Mgeni akasimamishwa kazi, faili likapelekwa polisi, kujeruhi kwa uzembe. Ukatoka waraka wa ukurasa mmoja, na nembo juu yake, kwamba jambo liko mikononi mwa kamati ya uchunguzi na ni marufuku mtumishi yeyote kulizungumza mpaka kamati imalize. Karakanani watu wakanong'ona wanavyojua wao. Wa kwetu wakasema watu wa ng'ambo hawajui hata kufunga maji. Wengine wakasema alifanya makusudi. Nilisikia yote hayo nikanyamaza. Tena nitasema ukweli, yalinifariji. Nilikuwa nakwenda hospitali kila jioni, namlisha mdogo wangu uji kwa kijiko, mtu wa miaka arobaini na moja, na nilihitaji mtu wa kumchukia asiyekuwa mimi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kabla ya kamati kukaa, Bwana Awamu alinifuata karakanani mwenyewe, akanivuta pembeni kwenye stoo ya mabomba. Akanipa pole ndefu. Akasema suala lenyewe ni jepesi, kamati inahitaji mstari mmoja tu kutoka kwangu: kwamba asubuhi ile nilitoa maelekezo ya kazi kwa kikundi kizima, kama kanuni inavyotaka. Nikishasema hivyo, kosa linabaki la mtu mmoja, mchakato unaendelea. Nikamuuliza kuhusu barua yangu. Akasema ameitafuta kwenye faili, haipo. Halafu akaniambia kwamba yule mkuu mpya wa karakana anaomba kurudi kwao, kwa hiyo kiti changu huenda kikawa wazi, na watu wanakumbuka uzoefu wangu.

Nilijua ananinunua. Mimi si mtoto. Na bado nikamwambia sawa, nitasema. Nilikuwa nimeshajishawishi kwamba ni haki. Fundi mzima, maji yanazidi badala ya kupungua, hata hujiulizi? Nilirudiarudia swali hilo kichwani kama mtu anayejipaka dawa. Kwamba maji hakuyaona, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nayaona, hilo nilikuwa nalikwepa.

Jioni ile nikaenda hospitali. Wifi yangu, mke wa Redio, alikuwa amekaa upande wa miguu ya kitanda. Ndiye aliyeanza. Alisema kesho hataki kusikia huruma, anataka yule mtu afungwe, aozee huko, na kwamba ananitegemea mimi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wifi. Akatoka kwenda kuchota maji ya kunywa.

Redio alikuwa anatazama dari. Tangu siku ile alikuwa anaongea bado, anawachekesha manesi, anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kutofautisha mvujo wa bomba na mvujo wa paa. Mlango ulipofungwa, akageuza kichwa.

"Dada, yule jamaa ulimwambia?"

Hakuhitaji kusema nilimwambia nini. Sisi wote wawili tulifundishwa siku ya kwanza, yeye alifundishwa na mimi.

"Nilimwambia," nikasema.

Alikuwa ndani ya lile shimo, alisikia kila neno nililosema kwenye simu. Akasema basi sawa. Akafumba macho, na hakuongea tena. Nilikaa pale mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, nasubiri aseme chochote, hata anitukane. Nesi alipopita na dawa akameza kimya kimya, na nesi akaniuliza kama mgonjwa ana homa. Nilitoka wodini. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, sikuwa na hasira na mtu wa ng'ambo wala ofisi. Nilijichukia mimi, na nikaona kwamba hasira hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko zote.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, watu watano nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa kipya. Mwenyekiti alikuwa mama wa umri wangu, mpole, mwenye miwani. Katibu alikuwa anaandika kwa kalamu. Bwana Awamu alikaa kando ya ukuta na tarakilishi yake mapajani. Mgeni alikuwa peke yake upande wa pili, amekonda, sweta limekunjwa juu ya magoti.

Walianza na yeye. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, jinsi alivyoambiwa kaza akakaza. Mwenyekiti akamuuliza kama kabla ya kazi alipewa maelekezo yoyote kuhusu valvu. Akasema aliuliza, lakini hakumbuki vizuri alichojibiwa, siku ile kulikuwa na kelele za magari.

Hapakuwa na magari. Mtaa ule ni wa nyuma ya kiwanda, asubuhi unasikia hata mtu akikohoa. Alikuwa ananiachia nafasi. Mtu niliyemwita muuaji mbele ya watu, anayekabiliwa na jela kwa ajili yangu, alikuwa ananiachia nafasi ya kusema mwenyewe, na hilo lilinichoma kuliko kama angeninyooshea kidole.

Wakaniita. Mwenyekiti akanipa pole ya mdogo wangu, akasoma swali kutoka kwenye karatasi: je, asubuhi ya tukio ulitoa maelekezo ya kazi kwa kikundi chako?

"Hapana," nikasema. "Aliniuliza kama kuna la kujua. Lilikuwapo. Nikamnyima kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa na hasira na nyinyi."

Katibu akaacha kuandika. Bwana Awamu akainuka nusu, akasema kwa sauti ya chini kwamba shahidi amechoka, ana mgonjwa, pengine tupumzike tunywe chai kidogo. Mwenyekiti akavua miwani akaanza kukubali. Hapo ndipo niliposimama. Niliwaambia chai yao waniwekee. Niliwaambia kwamba mimi nimemvunja mdogo wangu nyonga kwa ulimi wangu na nitalibeba, lakini wao walikuwa na barua yangu yenye mishale, waliigonga muhuri, wakarudi kubishana kuhusu mnara na daraja. Nakala ninayo nyumbani, yenye muhuri huohuo. Niliwaambia kwamba yule pale ndiye mtu pekee katika jiji zima, jipya na la zamani, aliyefanya kazi yake sawasawa siku ile: aliuliza asichokijua na alitii alichoambiwa. Sikupaza sauti. Ilikuwa inanitoka tu.

"Andika," nikamwambia katibu.

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaivaa miwani yake, kisha akamkubalia kwa kichwa. Katibu akaandika.

Nilitoka kwenye korido nikiwa najua kazi imekwisha, na pengine faili la polisi litabadilishwa jina tu, liandikwe langu. Niliegemea ukuta. Mgeni akatoka nyuma yangu. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikajiandaa kumkatisha, maana sikutaka shukrani yake.

Hakushukuru. Alisimama mbele yangu, mikono miwili imelikamata lile sweta, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa anachemka. Alikuwa amechemka muda wote.

"Mama, wenzangu tisa waliobaki wako kwenye mashimo yenu leo," akasema. "Wa kwenu kumi wako kwetu. Mimi nimesimamishwa, nimekatazwa kufika karakana yoyote, na simu zangu hawapokei, wanaogopa waraka. Nyinyi mmekaa wiki tatu mnatafuta nani mwenye kosa. Kuna mtu amewaambia wale?"

Nilitaka kusema kamati, nilitaka kusema waraka, nilitaka kusema Bwana Awamu. Wiki tatu nilikuwa nawaona wale watu wa ng'ambo kila asubuhi wakipakia funguo za valvu kwenye magari, wananisalimia, nami naitikia. Sikuwa nimemwambia hata mmoja.

Nikatoa simu. Namba ya fundi wao wa kikundi cha kwanza iliita mpaka ikakatika. Nikapiga ya kikundi cha pili, ikapokewa. Akaniamkia, akaniomba nimsubiri kidogo, yuko barabarani, ndiyo kwanza anashusha ufunguo.

"Uache," nikamwambia. "Utoe mkono kabisa, usizungushe kitu."

Akauliza kuna nini, mama. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nyuma yangu na kamati nzima imegeuza shingo. Nikamwambia kwa sauti, ili na wao wasikie, kwamba kwetu hufungwa kushoto.